Gari Jepesi la Kavetsa

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake Kavetsa alilipwa mshahara wa kuwaambia watu waende polepole. Alikuwa mwalimu wa udereva mjini Eldoret, na kama ulijifunza gari katika mji huo zamani kidogo, huenda ulikaa karibu naye, yeye upande wa kushoto, mikono mapajani, mguu juu ya ile breki ya pili wanayowekewa walimu. Hakuwa mtu wa kelele. Ukizidisha mwendo alisema "taratibu" mara moja tu, kisha gari likasimama lenyewe nawe ukabaki umeshika usukani kama sahani tupu.

Lakini waliomjua vizuri walijua kwamba Kavetsa alipenda mbio kuliko watu wengi wanavyopenda chakula.

Hilo lilianzia mbali. Alitoka Maragoli akiwa msichana, akaja kukaa kwa shangazi yake katika mtaa wa West Indies, akapata kazi ya ukarani katika shule ya udereva ya Mzee Macharia. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea wateja, kuchemsha chai na kupangusa vumbi kwenye ule ubao mkubwa wenye mji wa mfano, ambapo watu wazima husukuma vigari vya kuchezea wakijifunza nani apite kwanza kwenye mzunguko. Karani mwenzake alikuwa Adoyo, msichana mrefu kutoka Ahero, mwepesi wa maneno, ambaye alikuwa akivichezesha vile vigari vikigongana kila Mzee alipotoka nje.

Mzee Macharia alipokosa walimu, aliwafundisha hao wawili. Watu walimcheka. Wateja wengine walikuja, wakamwona mwalimu ni mwanamke, wakasema watarudi kesho. Mzee aliwaacha waende. Baada ya mwaka mmoja au miwili, watu hao hao walikuwa wakiuliza kama Madam Adoyo ana nafasi, au yule Madam mwingine asiyepiga kelele.

Shule ilikuwa na Daihatsu Charade nyeupe, kigari cha silinda tatu, na Jumapili baada ya kanisa Mzee aliwaazima. Waliendesha hadi pande za Chepsaita, ambako binamu ya Adoyo alikuwa msimamizi wa shamba la mahindi. Mavuno yakishatolewa, shamba lilibaki wazi, udongo mgumu, mabua yamelala. Wakapanga magunia yaliyojazwa magunzi kuwa kona, wakazunguka. Mmoja aliendesha, mwenzake akakaa kushoto akimkosoa. Waliteleza, wakazima injini, wakacheka hadi wakaumwa na mbavu. Mara moja Charade ilinasa kwenye mtaro, na wavunaji wanne waliokuwa wakipita wakaishika huku na huku, wakaiinua na kuiweka pembeni kama watu wanaohamisha meza. Adoyo alilikumbuka sana jambo hilo. Alisema gari la kushindana linafaa kuwa hivyo, la kuinuliwa na wanne, na kwamba siku moja wao wawili watakuwa na lao, wataliondolea kila kitu kisicho cha lazima, waone.

Enzi hizo magari ya mashindano ya Safari Rally yalikuwa bado yanapita pande hizo, na walisimama kando ya barabara tangu alfajiri, wakala vumbi, wakarudi nyumbani macho mekundu na furaha tele.

Halafu ukaja mwaka wa vurugu za uchaguzi. Mzee Macharia alipakia familia yake akaenda Nyahururu. Alisema atarudi mambo yakitulia, na mambo yalitulia, ila yeye hakurudi. Magari ya shule yaliuzwa moja moja. Adoyo alipata kazi Kisumu. Kavetsa alibaki, akahamia shule nyingine, akazeeka kwenye kiti kile kile cha kushoto. Pamoja na mume wake Wesonga, seremala mpole asiyejua hata kuwasha gari, alimlea binti yao Linah hadi akaolewa. Yeye na Adoyo walipigiana simu Krismasi, na pale mtu wanayemjua alipofariki.

Mwaka aliostaafu, fundi mmoja kijana anayeitwa Nyongesa, ambaye alikuwa mwanafunzi wake, alimwalika aone mashindano. Klabu moja ya vijana ilikuwa imechonga njia ya udongo kwenye shamba la kukodi Kapseret, nao wakawa wanakimbiza magari mmoja mmoja wakipimwa kwa saa. Kavetsa alisimama nyuma ya kamba na mwavuli wake. Yale makubwa yalipita yakinguruma, na watu wakapiga makofi. Kisha kikaja kigari kidogo, sauti yake kama ya cherehani, kikaingia kona bila kupunguza sana, kikajitupa upande, kikatoka. Kavetsa alijikuta amekanyaga chini kwa mguu wa kulia mpaka nyasi zikalala.

Jioni hiyo alimwambia Wesonga kwamba anataka kununua gari kwa pesa za kustaafu. Wesonga akasema ni wazo zuri, litawafaa kwenda sokoni na hospitali. Kavetsa akamweleza ni gari la namna gani. Wesonga aliendelea kupiga randa ubao wake hadi mwisho, akapuliza vumbi, ndipo akauliza swali moja.

"Litakuwa na paa?"

"Litakuwa na paa, Baba Linah."

"Basi sawa."

Kisha Kavetsa akampigia Adoyo simu. Alidhani atachekwa. Adoyo akasema anakuja, asinunue chochote kabla hajafika.

Alifika amekonda, amevaa miwani ya jua, mkoba mdogo begani. Walipovuka barabara alimshika Kavetsa mkono na hakuuachilia. Kavetsa alifurahi. Alidhani ni mapenzi ya siku nyingi.

Nyongesa alikuwa tayari na maoni yake. Alitaka wanunue Subaru ya mteja wake, gari lenye nguvu ambalo, kwa maneno yake, likikohoa tu mtaa mzima unageuka. Walikwenda kulijaribu kwenye barabara ya marram isiyo na lami. Kwenye mstari ulionyooka Kavetsa alisukumwa kwenye kiti akatabasamu. Ilipofika kona, gari likataka kuendelea mbele kama ng'ombe aliyekataa kuingia kwenye josho, na ilibidi alivute kwa mabega yote mawili. Alipoteremka alimrudishia Nyongesa ufunguo kwa heshima. Alimwambia kwamba nguvu za gari hilo zinaliwa na uzito wake lenyewe, breki nazo na magurudumu vitachoka mapema, na yeye hana mfuko wa kuvibadilisha kila mwezi. Cha kwanza ni uzito. Nguvu zitatafutwa baadaye, kama zitahitajika.

Siku iliyofuata waliona Vitz kwenye yadi ya kuuza magari mjini. Ilikuwa nyepesi, safi, hata viti vilikuwa bado na nailoni. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya otomatiki. Kavetsa alisema hakufundisha watu klachi maisha yake yote ili uzeeni achaguliwe gia na mashine.

La tatu lilikuwa la Tabby, mama mmoja wa Kapseret mwenye ng'ombe wa maziwa. Starlet ya zamani, gia za mkono, rangi ya buluu iliyopauka, na ndani inanuka maziwa yaliyolala, kwa sababu ndiyo iliyobeba mikebe kwenda kwa wateja kabla Tabby hajaanza kutumia boda boda. Kavetsa alilala chini kwenye nyasi akaangalia sakafu. Kulikuwa na kutu sehemu mbili, lakini si pale palipoungana na magurudumu. Akafungua boneti, akasikiliza injini ikiwa baridi, akasikiliza tena ilipopata moto. Haikuwa na moshi. Tabby akawaambia wajaribu kwenye njia ya shamba, ila wachunge ndama.

Adoyo aliketi kushoto. Kavetsa akaenda taratibu mpaka kwenye ua, kisha akakanyaga mafuta. Starlet ilifyatuka. Kwenye kona ya kwanza aligusa breki kidogo, akageuza, na mkia ukafuata kwa utiifu, si mapema, si kwa kuchelewa. Alisikia mawe madogo yakipiga chini ya sakafu. Akasikia pia kitu kingine, kishindo kidogo upande wa kushoto, tena na tena. Alipotazama, aliona mguu wa Adoyo ukikanyaga breki ambayo haikuwepo.

Alisimamisha gari, wakacheka mpaka ndama wakasogea mbali.

"Sasa wewe," Kavetsa akasema, akafungua mlango ili wabadilishane.

Adoyo hakutoka. Alisema siku nyingine. Kavetsa akamsihi, akamkumbusha kwamba zamani walikuwa wakigombania nani aanze. Ndipo Adoyo akavua miwani akaiweka mapajani.

"Siwezi, Kavetsa. Macho yameenda. Daktari alisema ni presha ya macho, nilichelewa. Naona mwanga, naona kama kuna mtu. Barabara sioni."

Kavetsa alikaa huku mlango umefunguliwa, mguu mmoja nje. Alikumbuka namna alivyoshikwa mkono siku nne nzima, na jinsi Adoyo alivyokuwa akigusa kila gari kwa kiganja kuanzia taa hadi buti, naye akidhani ni ukaguzi. Aliuliza kwa nini hakumwambia kwenye simu. Adoyo akajibu kwamba Kavetsa angeambiwa, angeacha kununua gari.

Ilikuwa kweli.

Starlet ilinunuliwa. Kazi ilifanywa kwenye karakana ya Nyongesa, na kwa wiki kadhaa wale wanawake wawili walikuwa pale kila siku, wamevaa maleso juu ya nguo. Waliondoa kiti cha nyuma, zulia, redio, gurudumu la akiba, bitana ya paa, na vifuniko vya milango. Adoyo alifanya nusu ya kazi kwa vidole. Alitafuta kila bolti na kila nati kwa kupapasa, akaifungua kwa spana, akaitia kwenye mkebe. Nyongesa akachomelea kutu, akabadilisha springi na breki, akafunga fremu ya chuma ndani ili gari likipinduka lisiwafinye. Fremu ilirudisha uzito, na hilo lilimuuma Kavetsa, lakini hapo hakukuwa na mjadala.

Wakalipeleka kwenye ghala moja la mahindi, ambako msimamizi aliwaruhusu wapande mizani ya malori. Aliangalia namba, akatoka nje kuangalia gari, akarudi kuangalia namba. Akasema amewahi kupima mkokoteni wa punda uliokaribia hapo.

Ugomvi ulikuja juu ya kiti cha kushoto. Nyongesa alitaka kitolewe. Kavetsa akakataa. Alisema klabu inaruhusu abiria mmoja mwenye helmeti, na abiria wake anamjua, na kama kiti hicho kitamgharimu sekunde, zitoke. Alisema maneno mengi, naye si mtu wa maneno mengi. Adoyo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainama ndani ya gari, akapapasa chini ya kiti, na kuanza kufungua nati ya kwanza.

"Tulisema gari jepesi," alisema. "Hatukusema gari la kunibembeleza."

Kiti kilitoka. Kavetsa alienda nyuma ya karakana akakaa huko peke yake kwa muda. Aliporudi, Adoyo alikuwa amekikalia kiti hicho nje kwenye jua, anakunywa chai, na akamwambia kwamba kama amemaliza kulia aje waangalie upepo wa magurudumu.

Siku ya mashindano Wesonga alikuja na kofia yake ya kanisani, akasimama na Adoyo kwenye kamba, akamwelezea yanayotokea. Hakuwa na ufasaha. Alisema, "Sasa anakuja," na, "Sasa ameenda." Kavetsa, ambaye ndiye aliyekuwa na umri mkubwa kuliko washindani wote, alimaliza katikati kwenye kundi la magari madogo. Vijana walimpigia honi. Alitoka kwenye gari amefunikwa vumbi mpaka kope, akamwendea Adoyo akitarajia pongezi.

Adoyo akamwambia aliachilia mafuta mapema, pale kwenye kona ya mikaratusi.

Kavetsa akakana. Adoyo akasema alisikia injini ikishuka sauti kabla ya breki, na mtu haachilii hapo isipokuwa ameogopa. Walibishana hivyo thermosi nzima, Wesonga katikati yao akimimina chai. Gari la mchana la kwenda Kisumu, ambalo Adoyo alikuwa amelikatia tiketi, liliondoka mjini bila yeye, na hakuna aliyelitaja.

Jioni klabu iliruhusu kila anayetaka azunguke tena bila kupimwa. Kavetsa akafunga helmeti akaenda. Kwenye mikaratusi hakuachilia. Starlet iliingia, ikateleza, ikaendelea kuteleza, ikajizungusha mara moja na nusu ndani ya wingu la vumbi, na injini ikazima.

Adoyo alimshika Wesonga mkono wa shati. Alitaka kujua kama gari liko salama, na Wesonga akasema liko salama, limesimama tu, mama mwenyewe anaonekana anacheka.

"Linaangalia wapi?"

Wesonga alitazama vizuri. "Linaangalia huku kwetu. Lilikotoka."

"Basi safari hii hakuondoa mguu kwenye mafuta," Adoyo akasema, akaanza kupiga makofi.

Kule mbele, Kavetsa aliwasha injini, akageuza gari taratibu, akaendelea na njia yake.