Mwanamke wa Chupa na Magunia

Juzi, sokoni Kasulu, niliona chupa za plastiki zimerundikwa ndani ya chandarua kikuukuu, nikakumbuka mchana mmoja shuleni kwetu Makere.

Mwalimu wetu, mgeni kutoka Tanga, alitaka sherehe ya usafi iwe na sanamu ya taka. Tukajenga mwanamke mrefu kupita paa la darasa. Mifupa yake ilikuwa mianzi, mwili ni chupa na magunia yaliyonuka mbolea. Baba alileta kitenge kilichochakaa cha marehemu mama, akamfunga kiunoni. Upepo ulipovuma, chupa zilisikika kama mtu anayenong'ona.

Nilidhani ndivyo watu wanavyorudishwa.

"Baba, ataanza lini kuongea?"

"Nani?"

"Mama."

Baba alinitazama, kisha akageuka kukaza kamba ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

Wageni wa sherehe walipoondoka, mwalimu alituambia tumbomoe kabla ya mvua. Wenzangu walimwangusha huku wakicheka. Sikuelewa kwa nini hakuna aliyelia.

Baba alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa.  Njia nzima nilihisi mabega yake yakitikisika, nikadhani na yeye anacheka.