Mstari Ulipanda, Nikadhani Ni Bei Inapanda

Admin, ficha jina langu kabisa, dada za mume wangu wanasoma hapa.

Niko na miaka 36, watoto watatu, nauza ndengu Kithimani. Nilianza na debe moja la mkopo, leo niko na stoo yangu. Hesabu hainisumbui, ndiyo maana hii kitu inaniuma.

Mume wangu anafanya kazi Mombasa. Tumejinyima miaka miwili tukaweka 180,000 ya kuchimba kisima, na pesa ilikuwa kwangu. Nikingoja siku ya mashine ya kuchimba, nikajiunga na darasa la forex mtandaoni, ile biashara ya kununua na kuuza pesa za kigeni na dhahabu kwa simu. Mwalimu akatufundisha ADX, kipimo cha kuonyesha bei inaenda na nguvu kiasi gani. Kina mistari mitatu. Akasema, "Hiyo miwili midogo ondoeni, itawachanganya. Huu mkubwa ukipita 25, trend, yaani mwendo wa bei, iko na nguvu, ingia."

Nikaondoa. Jumatatu, kwa bei ya dhahabu, mstari ukafika 27. Nikanunua dhahabu, na pesa yote ya kisima. Mstari ukapanda 33, ukapanda 38, na pesa yangu inashuka tu. Nikamuuliza mwalimu. "Mama, tulia, si unaona nguvu?"

Jana nikarudisha ile miwili, ndio nikaelewa. ADX inapima nguvu peke yake, haisemi ni ya kupanda ama ya kushuka. Mwelekeo unasemwa na ile midogo, na wa kushuka ulikuwa juu ya wa kupanda tangu Jumatatu! Ndengu wakati wa mavuno, bei si huanguka na nguvu? Hiyo naijua tangu lile debe la kwanza. Kwa simu nikasahau.

Leo imebaki 67,000. Nimelalamika, mwalimu amenitoa kwa grupu la darasa.

Mume wangu amepiga sasa hivi. "Mama watoto, wale wa mashine umewaambia Ijumaa?"

"Nimewaambia," nikadanganya.

"Wewe ndio mwanamke! Kesho niko hapo. Nataka nione maji yakiruka na macho yangu."

Nikacheka naye, halafu nikalaza simu juu ya gunia. Hajawahi kuniinulia mkono. Lakini pia hajawahi kunipata na uongo.

Nikifunga sasa, yaani niuze hiyo dhahabu, naokoa hiyo 67,000, nimwambie ukweli kabla apande basi. Nikingoja, labda dhahabu igeuke, labda nibaki na sifuri. Nikiandika hapa mstari uko 41 na bado unapanda, na sasa najua maana yake. Jamani, nishaurini haraka: nifunge nimpigie, ama nifanye nini?