Nukta na Prosesa Iliyosinzia

Redioni walimwita Nukta, na jina likamganda hata baada ya redio kufungwa. Wenzake walisoma habari kana kwamba wanakimbizwa. Yeye akifika mwisho wa sentensi alinyamaza, akavuta pumzi, akaiacha sentensi itue kwanza. Wapo waliomcheka, na wapo waliofungua redio kwa ajili yake tu.

Baadaye akawa anarekodi vitabu vya shule kwa wanafunzi wasioona. Studio yake ilikuwa chumba cha nguo: magodoro yameegemezwa ukutani, maikrofoni juu ya stuli, na kompyuta mpakato iliyochakaa.

Tatizo lilianza kompyuta hiyo ilipowekewa mfumo endeshi mpya. Kila baada ya nukta, neno la kwanza la sentensi iliyofuata lilitoka na mlio mdogo: tik. Alibadilisha waya. Alibadilisha stuli. Akamvua mumewe saa ya mkononi, maskini, aliyekuwa amejikalia zake sebuleni. Tik iko palepale.

Asubuhi moja mumewe aliiacha kompyuta hiyo ikipunguza ukubwa wa video za harusi ya mpwa wao. Nukta hakujua; akarekodi sura nzima. Aliposikiliza, hamna tik hata moja.

"Umefanya nini?" akamfuata mumewe.

"Sijagusa kitu! Nimeacha video tu zinapunguzwa," alijibu mume, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusingiziwa.

Video zilipomalizika, tik ikarudi. Mtu mwingine angeziachia video zizunguke tu, maisha yakaendelea. Nukta hakuweza. Akampigia wifi yake, dada wa mumewe, ambaye kazi yake ni kuandika programu.

"Wifi, eti kompyuta inaweza kufanya kazi vizuri zaidi ukiizidishia kazi?"

"Haiwezi."

"Yangu inaweza."

"Usiguse chochote," wifi akasema. "Nakuja."

Jumamosi akaja, akavua viatu, akajibana sakafuni katikati ya magodoro. Akafungua dirisha jeusi lililojaa namba zinazochezacheza.

"Hii ni kasi ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Haya, soma."

Nukta akasoma, namba zikapanda. Akafika kwenye nukta, akanyamaza; zikaporomoka. Akarudia, zikapanda tena. Akaacha. Zikashuka.

"Mungu wangu, inanisikiliza!"

"Haikusikilizi wewe, inapima kazi." Wifi akamweleza polepole. Ndani kabisa ya mfumo endeshi kuna kiini, na kiini hicho kina sehemu inayoamua prosesa iende kasi gani. Kazi zikiwa nyingi, inaipandisha. Zikipungua, inaishusha, hata kuilaza, ili kubana umeme. "Sasa programu yako ya kurekodi inasafisha sauti pale tu inapoipata. Ukinyamaza, inakaa bure. Kiini kinaona hamna kazi, kinailaza prosesa. Ukianza sentensi, inakurupuka, na kipande cha sauti kimeshapotea. Video za kaka zilikuwa zinainyima usingizi tu."

Nukta alizinyooshea kidole zile namba. "Na nani aliamua kwamba kunyamaza si kazi?"

Wifi alicheka, halafu akaacha kucheka. "Watu. Watu kama mimi. Walikuwa wanaiwazia betri."

"Nionyeshe walipoandika."

Wakafungua maandishi ya programu ya kiini. Nukta hakuelewa hata robo, lakini alisogea karibu akiuliza mstari kwa mstari: huyu anasubiri nini? Huyu anajuaje kama mtu amemaliza? Mara sauti ya mume ikatoka sebuleni: "Jamani, mbona wifi haishiki leo?"

"Wifi yuko kazini, kaka!" dada yake akamjibu.

Walianza kwa kuiamuru prosesa iende kasi ya juu muda wote. Tik ikaisha kweli, ila feni ikavuma hadi rekodi ikasikika kama helikopta inatua. Wakajaribu mpangilio wa kubana umeme. Tik zikamiminika kama mvua. Mwisho wifi akaweka kiwango cha chini ambacho kasi haikuruhusiwa kushuka zaidi ya hapo, akakizuia kiini kuilaza prosesa usingizi mzito. Nukta akasoma ukurasa, akanyamaza kwenye kila nukta kwa raha zake. Wakavaa hedifoni kwa zamu. Safi. Wakakumbatiana palepale sakafuni, wifi akagonga kichwa kwenye stuli.

Kabla ya kuondoka aliandika programu fupi ya kupandisha kiwango hicho wakati wa kurekodi tu, na kukishusha baadaye, betri isionewe. Nukta akakataa kuandikiwa yote. Mistari ya mwisho aliichapa mwenyewe, kidole kimoja kimoja, akiuliza maana ya kila neno.

Kitabu kilikamilika. Lakini mumewe anasema amani ya nyumba haijarudi. Juzi alimkuta mkewe amelala kifudifudi nyuma ya friji, tochi mkononi.

"Kuna nini tena?"

"Shh. Limenyamaza lenyewe. Nataka kujua nani kaliambia."