Mzee Khamala Alipogonga Mabati

Jumanne, tarehe 15 Julai 2025. Baridi, manyunyu tangu alfajiri, jua halikuonekana.

Siku hiyo Caren Adongo, msusi wa nywele katika kituo cha Kawangware 56, alikuwa ameamua kwamba kesho yake hataenda kliniki. Chini ya titi lake la kushoto palikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya mahindi, na daktari alitaka kuudunga sindano achukue kipande kikapimwe. Huko Gatwekera, mtaa wa mabanda anakoishi, watu wanaamini kwamba uvimbe ukidungwa unaamka, na ukiamka unatembea. Shangazi yake alidungwa, na hakumaliza mwaka.

"Nimeuacha ulale," alimwambia Daisy, mteja wake wa miaka mingi kutoka Kongo, akimgawa nywele kwa mkia wa kitana.

Daisy hufanya kazi katika maabara inayochunguza saratani. Aligeuka ghafla, msuko ukamponyoka Caren.

"Tulia! Ama unataka laini zipinde kama vichochoro vya kwetu?"

"Wacha zipinde. Nani amekuambia inalala?"

"Kwetu tunajua."

"Mnajua vibaya, dada. Hiyo kitu kama ni saratani, haingojangi sindano."

Akaeleza polepole, kichwa kikiwa mikononi mwa Caren. Seli hupokea ishara mchana kutwa: gawanyika, tulia, hama. Ndani yake mna molekuli ndogo sana za RNA, na nyingi kazi yake ni kuzima amri kabla hazijatekelezwa. Zile zinazozima amri ya kuhama zikipungua, seli za saratani huachana na wenzao na kuanza safari. RNA nyingine zina tabia mbaya, huwanyamazisha walinzi wenyewe wa seli.

"Hizo za kuzima ni kama Mzee Khamala," Caren akasema.

"Nani tena huyo?"

Khamala alikuwa jirani yake, soja, mlinzi wa usiku aliyelala mchana. Kelele zikizidi aligonga ukuta wa mabati mara mbili. Jirani alipunguza redio, kisha akamgongea anayefuata, hadi vyumba vyote vya ploti vikatulia. Aliporudi kwao Kakamega, redio zilipanda moja baada ya nyingine. Hakuna aliyezichokoza. Mgongaji tu hakuwepo.

"Sasa umeshika," Daisy akasema. "Enda waangalie kama kuna kelele huko ndani. Pengine hata hakuna."

Caren alisuka hadi mwisho, vidole vikienda vyenyewe.

Jioni alijilaza na sweta yake. Manyunyu yaligusagusa paa kwa upepo, na usingizi ukamjia kidogo kidogo. Alijiona akitembea ndani ya mwili wake mwenyewe, katika kichochoro chenye joto, rangi yake kama ya chai ya maziwa, milango huku na huku. Aligonga ukuta wa kwanza mara mbili, redio ikashuka. Wa pili, ikashuka. Ukuta wa mwisho aligonga, akagonga tena, muziki ukaendelea, laini na mtamu, na nyuma ya ukuta huo mtu alikuwa akikunja nguo zake taratibu, akizipanga kwenye mfuko wa safari.

Asubuhi Caren alitembea hadi kliniki, akakaa kwenye benchi mpaka jina lake likaitwa. Nesi alimuuliza ni upande gani. Alivua sweta, akajigonga kwa kidole mara mbili chini ya titi la kushoto.

"Hapa," akasema.