Ijumaa Walipopigania Rumba Sebuleni Kwetu

Mwezi uliopita nilirudi Doha kikazi, nikamwomba dereva apitie mtaa wa Abu Hamour. Nilitaka kuiona nyumba niliyokulia. Haipo. Pamesimama duka la dawa, na palipokuwa sebule yetu watu wanaegesha magari. Nilikaa ndani ya gari nikitazama, na kilichonijia kwanza hakikuwa sura ya mtu. Ilikuwa harufu ya damu na vitunguu vinavyokaangwa.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika nyumba kubwa iliyogawanywa kwa mbao. Mama alikuwa muuguzi. Baba alipiga gitaa hotelini, katika bendi ya muziki wa zamani wa Kuba, ule ambao wazee wetu huko Kenya waliuita rumba. Walikuwa watatu: baba, Msudani mpiga ngoma, mtu mpole mwenye viganja vilivyopasukapasuka, na Mkuba mwenyewe, mzee mweusi tii aliyepiga kigitaa chenye jozi tatu za nyuzi. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko, tukishatoka kanisani Mesaimeer, walifanyia mazoezi kwetu. Mimi nilifagia mchanga uliopenya chini ya mlango, nikakata vitunguu. Mama alisonga ugali na kupika mulukhiya, mboga ya Waarabu, badala ya sukuma wiki. Mkuba alilalamika kwamba inateleza kama konokono, kisha akaomba aongezwe.

Yale mazoezi yalikuwa vita. Walizungumza Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha barabarani, na maneno yakiwaishia waligonga meza. Pigo likichelewa, Mkuba alirusha kiatu. Jirani alitwanga ukuta kwa ngumi, Msudani akamjibu kwa ngoma. Mama alikuwa na msemo wake, "Vyombo vya pamoja havikosi kugongana," na mimi niliuchukulia kuwa mzaha.

Ijumaa moja baba aliimba wimbo aliojifunza utotoni kwenye santuri za babu. Babu hakujua neno la Kihispania, alishika sauti tu, na baba akairithi hivyo hivyo. Mkuba alicheka hadi akafuta machozi.

"Unacheka nini?" baba akauliza. "Hiyo ngoma ilitoka Afrika. Ni yetu. Ninyi mliazima tu."

Mkuba akaacha kucheka. "Tuliazima? Bibi wa bibi yangu alipelekwa Kuba kwa minyororo. Hakwenda kuazima."

"Basi usinicheke nikiimba cha kwetu."

"Cha kwenu? Ninyi ndio mliotuuza!"

Baba alimtemea mate. Mkuba akakishika kigitaa shingoni, akampiga nacho kichwani, mbao zikapasuka, nyuzi zikalia. Baba akamrukia. Walianguka juu ya meza ya kioo, wakang'ang'ana chini katikati ya vipande, Msudani akimvuta Mkuba hadi shati likachanika. Nilipiga kelele. Mkono wa kushoto wa baba ulikuwa umefunguka kwenye kifundo, na ndani niliona kitu cheupe kikicheza.

Mama alitoka jikoni mbio, akaufunga mkono kwa leso aliyojifunga kiunoni. "Lala! Inua mkono juu!" Kisha akasimama, akamzaba Mkuba kofi lililorusha miwani yake.

"Mkono wa mpiga gitaa!" alimfokea. "Wewe, wewe unayejua!"

Hospitalini sote tulijua kwamba polisi wakisikia neno ugomvi, wote wawili watarudishwa makwao. Daktari aliuliza kilichotokea. Baba, jasho likimtoka, alimtazama Mkuba aliyesimama mlangoni na shati lake lililochanika.

"Nimeangukia meza," akasema. "Huyu ndiye aliyeniinua."

Mkuba aligeukia ukuta, akalia kwa sauti kama mtoto anayechapwa.

Vidole viwili havikukunjika tena. Gitaa likawa limekwisha. Meneja wa hoteli alitaka kuleta mpigaji mwingine, Mkuba akamwambia, "Huyu akitoka, na mimi khalas." Ndivyo baba alivyogeuka mwimbaji. Mkuba alimfundisha maneno Ijumaa baada ya Ijumaa, wakitukanana kila mstari, mpaka wakaafikiana: kiitikio Kihispania safi, beti Kiswahili, na ubeti mmoja uachwe kama babu alivyouimba. Huo ndio uliowainua watu vitini. Mama hakumsalimia Mkuba mwaka mzima, ila sahani yake hakuisahau.

Hawakuacha kugombana hata baada ya hapo. Niliwahi kumwona baba akimkaba koo kwa ajili ya noti moja ya muziki, na dakika hiyo hiyo wakaendelea na wimbo, wote wawili wakihema.

Mkuba alishafariki, akazikwa kwao. Msudani simu yake haipatikani tangu mabomu yaanze kuanguka Khartoum. Baba yuko Kakamega, anafuga kuku. Nilimpigia nikiwa pale pale kwenye maegesho, nikamwambia nyumba imebomolewa.

"Siku hizi unaimba, baba?"

"Niimbe na nani?" akasema. "Huku kila mtu ananisifu."