Siku Kukhu Alipofungwa Mdomo

Hesbon akikwambia "nakaza nati moja tu, nakuja," wewe kula chakula chako ukalale, maana nati hiyo ina ndugu na jamaa. Mkewe aliye Bungoma alishazoea zamani. Siku hizi akipiga simu huuliza kwanza hali ya pikipiki, ndipo aulize ya mumewe.

Hesbon ni afisa wa mifugo, na wafugaji wote humwita daktari. Ameishi Garissa miaka mingi, hata akienda kwao likizo hulalamika baridi na kuomba blanketi la pili. Pikipiki yake ni Honda ya miaka ya themanini, ambayo aliipata ikiwa chuma kitupu, kuku wametaga juu ya kiti. Aliifufua mwenyewe chini ya mwarobaini, uani kwa mwenye nyumba wake. Akaipa jina Kukhu, yaani nyanya kwa lugha ya kwao, kwa sababu ni mzee, ana maneno mengi na hapendi kuharakishwa.

Na kumtunza kikongwe katika vumbi la Garissa si mchezo! Hesbon alikata sponji ya godoro, akailoweka kwa oili, akaifanya chujio la hewa, mchanga usiingie kwenye injini. Ndani ya magurudumu alitandika vipande vya tyubu kuukuu ili miiba ya porini ichoke kabla haijafika kwenye upepo. Tangi likivuja husugua sabuni ya mche pale penye ufa, na safari inaendelea. Nyuma alichomelea keria ndefu ya kubebea sanduku la baridi la chanjo. Kila jioni anapiga magoti pale, msasa mkononi, akisugua platini, kile kidude cha kutoa cheche, na kuimba nyimbo za kanisani. Ukimwona utadhani anaogesha mtoto.

Ila sauti. Jamani, sauti ile! Ekzosi ya Kukhu ilikwisha kuoza tumboni, na akiwashwa, kuku wa mtaa mzima hukimbilia chini ya vitanda.

Mwenye nyumba wake, Fatumo, alivumilia sana. Lakini binti yake Zeinab alipojifungua na kuja kukaa kwa mama yake siku zake arobaini, uvumilivu uliisha. Asubuhi moja alisimama mbele ya Hesbon, mikono kiunoni.

"Daktari, sikia. Mimi si mtu mbaya. Lakini Zeinab iko ndani, mtoto iko ndani. Hii bikibiki yako ikianza tu, mtoto inalia mpaka adhuhuri. Wallahi nimechoka! Mpaka Ijumaa. Inyamaze, ama itoke kwa boma yangu."

"Itoke iende wapi, Mama Zeinab?"

"Si umesema ni nyanya yako? Beleka kwenu."

Hesbon alicheka, lakini moyoni alishtuka. Chumba angepata popote. Ua wenye kivuli na mwenye nyumba anayemruhusu mtu kumwaga oili chini, hilo ungelitafuta kwa udi na uvumba usilipate. Na kwao Bungoma Kukhu angefungiwa ghalani na magunia ya mahindi, afe kwa upweke.

Basi akaingia kazini. Alitafuta bomba la chuma, akalitoboa matundu kama kichungio, akalizungushia steelwool ya kusugulia sufuria, akalisokomeza ndani ya ekzosi na kulibana kwa klempu. Mara ya kwanza Kukhu alikohoa akazima. Mara ya pili matundu yalikuwa machache mno. Alhamisi jioni akapiga kiki, na pikipiki ikanguruma polepole kama paka aliyeshiba. Kuku hawakugeuka hata. Zeinab alichungulia dirishani, mtoto begani amelala fofofo.

"Mashallah!" alisema Fatumo, na akamletea sambusa.

Basi Hesbon akavimba kichwa! Siku mbili nzima alizunguka mtaani akisimamisha watu. "Unasikia? Husikii? Basi hiyo ndiyo kazi yangu!"

Jumatatu alifunga sanduku la chanjo kwenye keria, akajaza barafu, akaondoka alfajiri. Alikuwa akienda kwenye kisima kilicho mbali na barabara ya Wajir, ambako homa ya mapafu ya mbuzi ilikuwa imeanza kunusanusa. Chanjo ile haina subira. Barafu ikiyeyuka na jua likaipata, ni maji tu, na huna jinsi ya kupata nyingine kabla ya ugonjwa kufika. Hesbon alilijua hilo, naye alikimbia kwelikweli, akifurahia ukimya, hata akasikia ndege.

Alifika kisimani. Hakuna mtu. Hakuna mbuzi.

Akangoja. Akanywa maji. Akajaribu simu, lakini huko mtandao ni hadithi. Alifunua sanduku, akakuta barafu imeanza kuogelea, akalifunga upesi kana kwamba ameona nyoka. Wamehama? Wamekasirika? Yarow, ndugu yake Fatumo, ndiye mwenye kundi kubwa pale, na ndani ya kundi lile wamo mbuzi wa Fatumo mwenyewe. Angerudi amwambie nini yule mama?

Jua lilikuwa limepanda juu alipotokea mwanamke mmoja, Ardo, na punda wake wa maji. Alipomwona Hesbon alisimama ghafla.

"Daktari! Umekuja saa ngapi? Umekuja na miguu?"

"Nimekuja na pikipiki. Watu wako wapi?"

Ardo aliitazama pikipiki, akamtazama yeye. "Wako huko nyuma ya kilima na mbuzi. Tangu asubuhi wanategea sikio. Yarow amesema, tukisikia ile kelele tunaleta mbuzi kwa kisima. Sasa sisi hatujasikia kitu."

Hesbon alijipiga kofi kwenye paji la uso. Ala! Miaka yote ile alidhani wafugaji wanakuja kwa sababu ni watu wa mpango. Kumbe ni Kukhu aliyekuwa akiwaita kutoka mbali, na yeye kwa mikono yake mwenyewe amemfunga mdomo, kisha akala sambusa juu yake!

Alirukia spana. Ekzosi ilikuwa ya moto kwa jua, ikamuunguza vidole, akamlilia mama yake, "mayi wangu!", na hakuacha. Klempu ikalegea, akachomoa lile bomba, akalitupa mchangani. Akapiga kiki. Kukhu kimya. Akapiga tena. Kimya. Alikuwa amenuna.

"Kukhu, nisamehe," Hesbon alisema kwa sauti, mbele ya Ardo na punda wake. "Nimekosa. Haya, sema unavyotaka."

Kiki ya tatu. Loo! Mlio uliotoka hapo ulimkimbiza punda na mitungi yake yote. Hesbon alivuta mafuta, akaachia, akavuta tena, machozi ya moshi na ya furaha yakimtoka. Haukupita muda, vumbi likainuka nyuma ya kilima, na mbele ya vumbi mbuzi, na nyuma ya mbuzi Yarow akipunga fimbo na kupiga kelele, "Daktari, tumefikiri umekufa!"

Walichoma sindano mbio mbio, huyu anashika, yule anapaka rangi mgongoni. Mbuzi wa mwisho alipoachiwa, sandukuni kulikuwa kumebaki kipande cha barafu kama jino.

Ahadi ni ahadi. Kabla ya kuingia mjini, Hesbon alisimama kando ya barabara, akarudisha lile bomba aliloliokota mchangani, akaingia mtaani kimya kimya. Jua lilikuwa karibu kuzama. Langoni alimkuta Fatumo, shungi limemteleza, tasbihi mkononi, macho yake kwenye barabara anayoijia Hesbon kila siku, kumbe leo amepitia upande mwingine. Hakumsikia mpaka alipomfikia karibu kabisa. Akaruka.

"Warya, wewe! Uko hai?"

"Niko hai, Mama Zeinab. Kuna nini?"

"Kuna nini? Subhanallah, anauliza kuna nini!" Alimtikisia tasbihi usoni. "Kila siku ukienda borini, nasikia wewe kutoka huko kona ya msikiti. Naambia Zeinab, daktari imerudi, weka chai. Leo asri imebita, hakuna sauti. Nimefikiri ajali. Nimefikiri simba. Nimefikiri nitabigia bibi yako simu nimwambie nini!"

"Si wewe uliyesema inyamaze?"

"Nilisema inyamaze hapa kwa mtoto. Sikusema inyamaze dunia yote!"

Hesbon alipomsimulia habari za kisimani na mbuzi wake, Fatumo alicheka hadi akashika lango.

Wiki ile Hesbon alikaa tena chini ya mwarobaini. Alitengeneza kifuniko kidogo ndani ya ekzosi, akakifunga kwa waya hadi kwenye mkono wa breki kuukuu karibu na usukani. Ukivuta, Kukhu ananong'ona. Ukiachia, anasema.

Safari iliyofuata alimwachia aseme porini kote, na njiani kote, hadi kona ya msikiti. Hapo akavuta waya. Alipofika langoni, chai ilikuwa imeshamiminwa kikombeni juu ya kigoda, ingali moto, na Mama Zeinab alikuwa amekwisha kukimbilia ndani, daktari asije akadhani alikuwa akingojwa.