Hongera Iliyozikwa Kwenye Michembe

Pale Nyasubi, Kahama, hakuna mwizi wa kwenye simu aliyewahi kula hata senti moja ya Bibi Mbuke. Wamejaribu sana. Kuna mmoja alimpigia asubuhi akajitambulisha kuwa ni mtu wa kampuni. Bibi akamsimulia habari za ng'ombe wake wa mwaka wa njaa, mmoja baada ya mwingine, kwa majina na rangi, mpaka betri ya mwizi ikaisha. Wanasema yule kijana aliacha wizi siku ileile, sasa analima mpunga kwa amani na akisikia simu inalia anajificha uvunguni.

Bibi Mbuke anauza michembe, yale matunda ya kazi ya jua: viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa mpaka vinagongana kama kokoto. Anavinunua vijijini, anavijaza kwenye magunia, anashona midomo ya magunia kwa sindano ndefu kama kidole cha mchawi, kisha wafanyabiashara wanapeleka machimboni Geita, ambako mtu akitoka shimoni na njaa yake hachagui.

Shule hakuingia. Alizaliwa karibu na Songwa, huko kwenye almasi, na mwaka ambao yeye na kaka yake Nkwabi walitakiwa kuandikishwa, baba yao alisema ng'ombe hawawezi kujichunga. Nkwabi akaenda na daftari, Mbuke akaenda na fimbo. Mwenyewe husema hakupoteza kitu. Siku moja akiwa machungani aliokota jiwe linalowaka kama jicho la paka, akamrushia mbuzi mkorofi, mbuzi akalimeza. Akamfuata yule mbuzi siku tatu, nyuma kwa nyuma, akisubiri. Siku ya nne mbuzi akaibiwa.

"Kuna mtu Ulaya amevaa mavi ya mbuzi wangu kidoleni," husema, na mpaka leo hajatokea wa kumpinga kwa ushahidi.

Mjukuu wake Violeth ndiye aliyeishi naye tangu kidato cha kwanza, kwa kuwa mama yake yuko Songwa, na shule nzuri zilikuwa upande wa Kahama. Alipomaliza kidato cha sita alimwambia bibi yake kwamba anataka kwenda Morogoro kusomea udaktari wa mifugo. Bibi akaacha kushona.

"Yaani, mke mwenzangu, ng'ombe walewale walioninyima mimi shule, ndio wakusomeshe wewe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi wamechelewa, lakini waanze kulipa."

Violeth akaenda steshenari kwa Edson kujaza maombi kwenye kompyuta. Pale panapotakiwa namba ya simu alikwama. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka bweni la kidato cha sita, simu hana. Akaweka namba ya Bibi. Nyumbani hakusema neno, kwa sababu ukimwambia Bibi Mbuke jambo saa moja asubuhi, saa nne limeshafika Isaka, na likirudi jioni limezaa mapacha. Akajiambia majibu yakikaribia atakuwa anaichukua simu mwenyewe na kuangalia. Kisha mama yake akamwita Songwa kusaidia kuvuna, naye akaenda, akasahau kwamba majibu hayasubiri mavuno.

Jumatatu simu ya Bibi ikalia mlio wa ujumbe. Kama kawaida, Bibi aliipeleka kibanda cha jirani, kwa Mwaisha muuza vitenge, ambaye ndiye macho yake ya kusomea. Mwaisha akavaa miwani.

"Hongera! Umechaguliwa. Ili kuthibitisha tumia namba hii ya siri kabla ya..."

"Lete hapa!" Bibi akaipokonya.

"Sijamaliza, Mbuke."

"Umemaliza. Hongera, thibitisha, namba ya siri, kabla ya. Hayo ndiyo maneno manne yaliyomla dume la ng'ombe la jirani yetu Bartholomeo. Alianza kwa hongera, akamaliza kwa kulia kama mtoto mbele ya wake wawili."

"Wewe mwanamke, ujumbe husomwa mpaka mwisho."

"Nyoka humsomi mpaka mkiani ndiyo ujue ni nyoka."

Akaizima simu, akaivisha soksi, akafungua mdomo wa gunia la mwisho, lile la ukutani, akaizika katikati ya michembe na kulishona tena. Alisema itakaa jela wiki mbili, mpaka wezi wachoke. Siku hiyo aliuza michembe huku akiimba.

Ijumaa, saa nne asubuhi, Violeth akaingia sokoni mbio, vumbi la Songwa bado liko kwenye nyusi. Raudha, binti wa Mwaisha, alikuwa amempelekea salamu kupitia simu ya mama yake Violeth: sisi wote tumeshapata ujumbe, mwisho wa kuthibitisha ni leo, asiyethibitisha nafasi yake anapewa mwingine.

"Shikamoo, Bibi. Simu iko wapi?"

"Marahaba, mayu, mama yangu. Kaa kwanza, nikusimulie nilivyowapiga wezi chenga." Na akasimulia. Katika masimulizi yake wezi walikuwa tisa. Alipofika kwenye neno hongera, Violeth aliketi juu ya ndoo.

"Bibi. Ile hongera ilikuwa yangu."

Bibi Mbuke alimtazama mjukuu wake, kisha akaigeukia ile pembe ya ukutani lilipokuwa gunia. Palikuwa na ukuta tu.

"Mwaisha! Gunia langu la pembeni?"

Mwaisha akachungulia kutoka kwenye vitenge vyake huku anatabasamu. "Nimekuuzia jana ulipokuwa msibani. Kwa Hatibu wa Katoro, anapakia leo kwenye basi la Geita. Bei nzuri, nishukuru."

Bibi hakushukuru. Aliegemea nguzo.

"Baba alininyima shule kwa fimbo," alisema taratibu. "Mimi nimekunyima wewe kwa gunia."

"Hujaninyima bado," Violeth akasema, akasimama. "Basi la Geita linaondoka saa sita. Twende."

Wakapanda bodaboda mshikaki, dereva mbele, Violeth katikati, Bibi nyuma amekaa upandeupande kama bibi harusi, akimtukana dereva kila anapokanyaga shimo na kumhimiza kila anapopunguza mwendo. Stendi walimkuta Hatibu, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, anahesabu magunia yakiingia kwenye buti la basi. Kumi na nane.

"Bibi Mbuke! Michembe yako imekukumbuka?"

"Imenimezea simu. Naomba nifungue."

"Gunia gani?"

"Hapo ndipo penye tabu, silijui."

Hatibu akacheka mpaka kofia ikakaa upande. "Mama yangu, nikifungua magunia kumi na nane hapa, Geita nitafika na vumbi na madeni. Ipigie hiyo simu, tusikie inalilia wapi."

"Niliizima."

"Nani alikufundisha kuzima simu?"

"Wezi."

Kondakta akapiga ubavu wa basi, dakika kumi na tano. Violeth alikuwa ameshaanza kung'ata kucha. Bibi Mbuke akavua kandambili, akapiga magoti kwenye buti, akaanza kupapasa midomo ya magunia. Asiyejua angedhani anayabembeleza.

"Hili la mwanamke mvivu, amerukaruka mishono. Hili la mashine. Hili ni la yule wa Ushetu, anavuta uzi kama anamnyonga mtu." Alipapasa mpaka akafika kwenye magunia manne yaliyokaa pamoja. "Haya ni yangu. Mbele mara mbili, nyuma mara moja, na kitambaa cha kijani mwishoni. Nkwabi aliandika jina lake kwenye daftari, mimi naliandika hapa."

"Yako manne," Hatibu akasema. "Sasa?"

Bibi alirudi kwenye gunia la kwanza, akapitisha ukucha kandokando ya mshono, taratibu, tundu kwa tundu. La pili. La tatu. Akasimama.

"Hili. Matundu ni mawilimawili. Limeshonwa, likafumuliwa, likashonwa tena. Mara ya pili nilishona kwa hasira, angalia uzi."

Hatibu akakata uzi kwa kisu. Bibi akazamisha mkono mpaka begani, uso umekunjamana kama anamzalisha ng'ombe, kisha akautoa na soksi ya bluu. Abiria waliokuwa madirishani wakashangilia bila kujua wanashangilia nini. Hatibu akasema simu hiyo ingefika Katoro ingeuzwa kwa bei ya dhahabu. Bibi akamfungia gunia lake papo hapo, kwa sindano anayotembea nayo kwenye kilemba, mishono mitatu kwa pumzi moja, na basi likaondoka.

Simu ilipowashwa ililia kama kuku waliomwagiwa mtama. Violeth akausoma ujumbe mpaka mwisho, pamoja na jina la chuo na ile namba ya siri, kisha wakaenda kwa Edson. Edson akabonyeza, akasubiri duara lizunguke kwenye kioo, akabonyeza tena.

"Imekubali. Umethibitisha."

"Ndiyo hivyo tu?" Bibi akauliza. "Hata muhuri?"

"Hata muhuri, Bibi."

"Kitu kilichonitoa roho hakina hata muhuri!" Akaketi kwenye kiti cha wateja, akajifuta jasho kwa upande wa kitenge. Violeth akachuchumaa mbele yake.

"Na mimi nilikosa, Bibi. Nilitumia namba yako bila kukuambia. Niliogopa utatangaza."

"Ningetangaza, ndiyo. Ningetangaza mpaka Tabora waandae pilau. Lakini ungekuwa na chuo na mimi ningekuwa na pumzi." Akamvuta sikio, si kwa nguvu. "Mtu anayekupenda ana mdomo, mvumilie na mdomo wake."

Habari ile ilifika Isaka, bila shaka. Ikarudi na watoto. Wiki mbili kabla vyuo havijafunguliwa, wazazi wa Nyasubi wakaanza kuwaleta vijana wao kibandani kwa Bibi Mbuke wapate maneno ya safari, na sasa katika hadithi basi lilikimbizwa kwa ng'ombe mpaka karibu na Geita. Vijana walicheka, lakini walikaa. Bibi aliwaambia huku anashona. Namba unayoandika kwenye fomu iwe ni ya mtu unayemwona kila siku na anayejua umeiandika. Barua isomwe mpaka chini kabisa, hata ikianza na hongera, na hasa ikianza na hongera. Vyeti vitolewe nakala, kopi moja ibaki nyumbani, isikae kwenye michembe. Ile pesa ya mkopo mnayoiita bumu ikiingia, msiile kama fisi aliyeona mzoga, maana fisi anarudi porini, ninyi mtarudi kwenye chakula cha chuo.

"Na ukiwa hujaelewa darasani?" akauliza Raudha.

"Uliza. Mimi nimeuliza watu maisha yangu yote niambiwe karatasi inasema nini, sijafa. Aibu ya kuuliza inaisha kabla ya chai."

Violeth alipoondoka alibeba begi moja na kiroba cha michembe kilichoshonwa mbele mara mbili, nyuma mara moja, na kitambaa cha kijani. Bibi alimwambia awagawie wenzake wa chumba kizima, aliyekula michembe ya mtu hamwibii sabuni.

Mwezi uliofuata jumbe mbili zikaingia. Bibi akaipeleka simu kwa Mwaisha, akaketi, akakunja mikono, akanyamaza, jambo lililomfanya Mwaisha amguse paji la uso kuona kama ana homa.

"Bibi shikamoo. Leo tumeingia zizini. Mwalimu amesema nina mkono mzuri wa kumzalisha ng'ombe, nikamwambia nimeurithi. Michembe imekwisha, wenzangu wanaulizia. Violeth."

"Wabeja, asante," Bibi akasema. "Umefika mwisho?"

"Mwisho kabisa."

"Soma na huo mwingine."

Mwaisha akarekebisha miwani. "Hongera! Umeshinda milioni kumi. Ili kupokea, tuma kwanza..." Akamtazama Bibi. Bibi akamwashiria kwa mkono, endelea. Mwaisha akasoma neno kwa neno, mpaka nukta ya mwisho.

"Vizuri," Bibi Mbuke akasema, akajiweka sawa kitini. "Sasa nipigie huyo mtu. Nina ng'ombe mia mbili wa kumsimulia."